Ofisi Tano na Kikapu cha Mama

Mimi nina mdomo, sikatai. Chuoni ninakofundisha kompyuta, hapa Morogoro, wanafunzi wakiniona natokea mlangoni hufunika skrini hata kama hawana cha kuficha, kwa sababu wanajua nikikuta mtu ameweka pasiwedi ya moja-mbili-tatu-nne nitamtangaza mbele ya darasa zima. Kwa hiyo wafadhili fulani walipotafuta mtu wa kuzipima asasi tano za sera mkoani kwetu, jina langu lilitajwa mapema. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nani asiyependa kulipwa kwa kuwasema watu?

Asasi za sera ni ofisi zinazochunguza mambo ya wananchi, kisha zinaishauri serikali itunge sheria gani na ipange nini. Moja yao ilikuwa ya maji, nyingine ya kilimo, nyingine ya afya, nyingine ya elimu, na iliyokuwa ndogo kuliko zote ilihusika na ardhi. Zote hupeleka watu vijijini kuuliza maswali, na majibu huwekwa kwenye kompyuta. Wafadhili walitaka kujua ipi inayalinda majibu hayo na ipi imeyaacha wazi kama choo cha stendi. Nizilinganishe, niziweke kwa mpangilio wa kwanza mpaka wa tano, na kila alama niiambatanishe na ushahidi wa picha. Itakayoshika mkia ingepewa nusu mwaka ijirekebishe, la sivyo wafadhili wajitoe.

Wakurugenzi walijua kwamba nitakuja, ila hawakujua siku, na wafanyakazi hawakuambiwa kitu. Ile ya kilimo ilinipokea kwa vioo na milango inayofunguliwa kwa kadi. Mlinzi alinipigia saluti mpaka nikajiona waziri. Ndani, ukutani, pasiwedi ya mtandao wao ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye ubao mweupe, na chini yake: MSIFUTE. Wa maji walikuwa wakitumia pasiwedi moja tangu ofisi ianzishwe, na watu walioacha kazi zamani bado walikuwa nayo. Wa afya walikuwa afadhali kidogo. Wa elimu walikuwa na dada mmoja mapokezi, mkali kuliko mimi. Alitaka barua, akataka kitambulisho, akapiga simu kuulizia, kisha akanikalisha kwenye benchi saa nzima bila hata maji ya kunywa. Nilikasirika kweli kweli, nikampa alama zote.

Ya ardhi niliiacha mwisho. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili kwenye njia ya kwenda Bigwa, ina ua wa michongoma na mama mmoja mapokezi, mtu mzima wa kama miaka sitini, amejifunga kitenge juu ya sketi ya kazini.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ni wa wapi? Sura hiyo si ya mjini."

"Mgeta, mama. Juu kabisa."

"Lukolo gani?"

Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na ukoo huo ndio tunaouita lukolo. Mashamba ni ya lukolo. Mjomba, yaani kaka yake mama, ndiye mwangalizi, na mtoto ni wake kabla hajawa wa baba yake. Mtu akikuuliza lukolo, anataka kujua akuweke wapi maishani mwake. Nikamtajia.

Alipiga makofi. "We! Mbona ni langu! Basi mimi ni mama yako mdogo! Na ulitaka kupita hapa kama mgeni, huna hata aibu!"

Hakuniuliza nimefuata nini. Alinyanyuka, akanivuta mkono, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe kwa sababu kile cha wageni kilikuwa na mguu mbovu, akasema anakwenda kunichemshia chai, na chai ya mtoto wa lukolo haichemshwi kwa haraka. Akaenda uani. Mbele yangu kompyuta ilikuwa wazi, na kwenye skrini kulikuwa na mafaili yote ya utafiti wao, yamepangwa kwa majina ya vijiji.

Nimewahi kuona pasiwedi nyingi mbovu, lakini ofisi inayofunguliwa kwa kutaja ukoo ilikuwa mpya kwangu. Nilicheka peke yangu. Nikatoa simu, nikapiga picha ya skrini. Hapo ndipo kazi yangu ilipaswa kuishia. Faili likionekana kuwa wazi inatosha, huna sababu ya kusoma kilichomo. Hilo nalifundisha kila mwaka.

Lakini niliona jina la kijiji chetu. Nitasema nini? Umbea tu. Nikafungua.

Yalikuwa mahojiano na wanawake wa mlimani juu ya mashamba ya ukoo yanayouzwa na wajomba. Hakuna aliyetajwa kwa jina, walikuwa nambari. Nikapitisha macho harakaharaka, moja, ya pili, ya tano, nikiwaza huyu atakuwa fulani, mpaka nikafika nambari kumi na nne.

"Kaka yangu alikuja na karatasi," iliandikwa. "Akasema ni ya kupimiwa matuta. Mimi sijui kusoma, nikaweka dole gumba. Kumbe ni lile shamba la chemchemi, ameshampa mtu wa mjini ajenge nyumba ya wageni. Nimesema, na nimesema kwa mdomo huu huu wa kulia ugali."

Mtu mmoja tu duniani humalizia maneno yake hivyo. Nimeyasikia tangu niko mgongoni kwake. Na bado nikaendelea kusoma.

"Hili nalisema kwenu tu. Kaka akijua nimesema, atanitoa hata kwenye shamba hili lililobaki, aniambie nikalime kwa mume wangu, na mume wangu yuko kaburini. Sina shamba jingine. Na nina binti mjini, ana elimu ya kompyuta. Yeye pia asijue. Mjomba wake ndiye aliyemsomesha. Akijua itabidi achague, na mimi sikumzaa aje kuchagua kati ya watu wawili waliomlea."

Mama mdogo alirudi na chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Nikalifunga lile faili, nikala. Alinisimulia habari za magoti yake. Sikumbuki nilijibu nini.

Baba alipofariki nilikuwa darasa la tano. Mjomba alikuwa mwalimu, ana nyumba karibu na Mzumbe, akanichukua. Viatu vyangu vya kwanza vya ngozi vilitoka kwake, na ndiye aliyenipeleka kuiona kompyuta ya kwanza, akaniambia kaa, gusa, haiumi. Nampenda mjomba wangu. Naliandika hapa ili lisije likasahauliwa kwenye yatakayofuata.

Wiki nzima nilikuwa mtu wa kugombana. Niligombana na muuza maembe, nikagombana na jirani yangu hapa Mazimbu kwa ajili ya jogoo. Mwisho nikakaa, nikaandika ripoti. Asasi ya ardhi niliiweka ya tano, kwa haki kabisa. Kwenye nafasi ya ushahidi niliandika kwamba nimeona kwa macho yangu na siambatanishi kitu, kwa kuwa kuambatanisha ni kurudia kosa lile lile. Ile picha nikaifuta. Mratibu wa wafadhili akanipigia simu kutoka Dar.

"Dada, bila picha tutaaminije?"

"Mniamini mimi, au mtafute mwingine aje aanze upya."

Alinung'unika, lakini alikubali.

Kisha nikarudi kwa mama mdogo, nikamwambia mimi ni nani na nimempa alama gani. Alinuna mpaka midomo ikamtoka mbele. "Yaani mtoto wa lukolo langu aje, nimwambie simama huko nje, lete kitambulisho? Watu wa mlimani watanionaje?"

"Watakuona unawatunza, mama mdogo. Huko ndiko kuwatunza."

"Uliyasoma yale mafaili?"

"Nilisoma."

Alishika kifua. Hakuuliza nilisoma nini. Siku tatu mfululizo nilikwenda baada ya vipindi, tukafunga kila kilichokuwa wazi, na yeye mwenyewe akatunga pasiwedi ndefu ambayo mpaka leo hajanitajia. Kila nikiingia akaanza kunitania: "Simama hapo hapo! Wewe nani? Lukolo silitaki, lete kitambulisho!"

Jumapili iliyofuata nilipanda Mgeta. Nilimkuta mama ametoka misani, ameshavua gauni la kanisani, anapalilia njegere. Nikamsalimu kwa Tumsifu Yesu Kristu, akaitikia, nikampa shikamoo yake, akanipa jembe. Kwa mama hakuna mgeni. Tulipalilia matuta mawili hatuna maneno, na kule chini ukungu ulikuwa ukiachia bonde kidogokidogo.

"Hivi kazi yako ya sasa ni ipi hasa?" akauliza. "Jirani ameniambia unakagua maofisi."

"Nalinganisha ofisi tano, mama. Naangalia ipi inatunza siri za watu."

Jembe lake lilisimama. "Ile ya ardhi imo?"

"Imo."

"Inatunza?"

Nimewahi kumdanganya mama mara nyingi, kama mtoto yeyote. Pale nilishindwa. "Ilikuwa haitunzi, mama. Sasa inatunza."

"Ilikuwa haitunzi." Aliinama, akang'oa kwa mkono gugu ambalo jembe lingeliondoa. "Kwa hiyo kuna mtu amesoma."

"Mmoja tu."

"Ni mtu wa kwenda kumwambia mjomba wako?"

"Hapana, mama."

"Basi," akasema. Akaendelea kulima.

Alasiri alinifungia kikapu. Kila nikishuka mama humpelekea kaka yake mboga kwa mkono wangu, na kila nikipanda mjomba hukirudisha kikapu kikiwa na kitu ndani, kimefunikwa kitambaa na kufungwa. Kikapu cha kwetu hakirudi kitupu. Miaka yote nimekibeba, na sijawahi kukifungua njiani. Vitu vya wakubwa havichunguliwi. Siku ile mama aliweka kabichi mbili, karoti, na njegere tulizochuma pamoja, akafunga fundo kama kawaida, kana kwamba hakuna chochote kati yake na huyo kaka.

Mjomba nilimkuta barazani kwake, amevaa miwani, anasoma gazeti la wiki iliyopita. Nikampa shikamoo, akaniitikia vizuri, akaulizia wanafunzi wangu, akaulizia mama.

"Hajambo, anakusalimu."

"Kaa." Akakunja gazeti. "Wewe si ndiye unayezikagua hizo ofisi za sera?"

"Ndiyo, mjomba."

"Wale wa ardhi walikuja kijijini kwetu kusoma taarifa yao mkutanoni. Wanasema wanawake wa kwetu wamelalamika kwamba wajomba wanauza mashamba. Majina hawakutaja. Wewe umeingia kwenye kompyuta zao." Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Waliosema kutoka kwetu ni akina nani?"

Sauti yake ilikuwa ya upole. Ndivyo alivyo siku zote, hajawahi kunifokea. Na mimi, mwenye mdomo, nilikuwa na maneno yamejaa mpaka kwenye meno: chemchemi iko wapi, mjomba? Ile karatasi ya matuta iko wapi? Lakini kuuliza hivyo kungekuwa sawa na kumtaja. Niliyameza.

"Mjomba, mambo ya ofisi za watu siwezi kuyatoa."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako."

"Mimi niliyekuvalisha viatu."

"Samahani, mjomba. Hata kwako."

Sijawahi kumnyima mjomba kitu. Kwetu hilo halina hata neno lake. Aliirudisha miwani usoni, akaniangalia kama alivyokuwa akiangalia hesabu zangu zamani, polepole, kutoka juu kwenda chini.

"Angekuwa mtu mwingine ungeniambia," akasema.

Lahaula! Nimezifunga kompyuta za watu, nimefuta picha, nimegombana na Dar es Salaam, kumbe kimya changu mwenyewe ndicho kilichosoma jina lile kwa sauti. Nilitaka kusema lolote, hata uongo, lakini uongo wenyewe ulikuwa umechelewa.

Mjomba akaingia ndani na kikapu. Alikaa huko kidogo. Alipotoka alinikabidhi, na nilijua kwa wepesi wake kabla sijatazama. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa chini, mboga hazimo, na hakuna kingine.

"Msalimie mama yako," akasema.

Wiki mbili kikapu kile kilikaa mezani kwangu Mazimbu. Nikikitazama nashindwa kula. Ningempelekeaje mama kikapu kitupu? Angeelewa kabla sijaketi. Na mama hulala peke yake kule juu, na shamba analolilima liko mikononi mwa mtu aliyekipakua kikapu kile. Jumamosi nikaenda sokoni, nikanunua sukari kilo mbili, nikaiweka ndani, nikafunika, nikafunga fundo kama la mjomba. Nilichagua sukari kwa sababu kila nikifika mama hunipikia chai tamu ya kupindukia, na nilidhani sukari ile hutoka humo.

Kesho yake nikapanda Mgeta, mama akakipokea jikoni. Akakipima kwa mkono, akafungua fundo, akatazama. Akanitazama mimi.

"Hii umenunua wewe."

"Ametoa mjomba, mama."

"Mwanangu." Aliketi kwenye kigoda. "Kaka yangu hanipi sukari. Hunipa chumvi. Hunipa chumvi tangu tulipokuwa watoto, wakati chumvi inapandishwa mlimani kwa kichwa, na yeye alikuwa ananiibia ya mama ninyunyizie maembe mabichi. Hajawahi kukosea hata mara moja. Hata mwaka tuliogombana juu ya ng'ombe alitia chumvi." Akachota sukari kidogo kwa vidole, akairudisha. "Safari hii hakutia kitu. Basi ameshajua."

Nikalia. Sikulia kwa adabu, nililia kama mtoto aliyevunja chungu. Nikamwambia yote: kiti cha mama mdogo, nambari kumi na nne, miwani ya mjomba. Nikamwambia kwamba aliyesoma ni mimi.

"Nilijua siku ile shambani," akasema mama. "Wewe huwezi kupalilia kimya matuta mawili." Akachochea moto. "Nilikuficha ili usichague. Umechagua?"

"Sikutaka kuchagua, mama. Nilinyamaza tu."

"Kwa mjomba wako huko ndiko kuchagua." Hakusema kwa ubaya. Alipika chai, akatia sukari ile ile, nyingi, tukainywa. Alipomaliza kikombe akakipangusa kwa kitenge. "Kesho tunashuka wote. Ile nambari waifute. Kama ameshajua, sina sababu ya kuitwa kumi na nne. Waandike jina, na waniandikie na barua ya baraza la ardhi."

"Mama, shamba je? Akikuambia uondoke?"

"Aniambie mbele ya baraza."

Jumatatu asubuhi tulifika kwenye ile nyumba ya michongoma. Mama mdogo alisimama nyuma ya meza, mama akamuuliza lukolo lake, akajibu, wakagundua bibi zao walichota maji kisima kimoja. Walishikana mikono, wakacheka, wakapeana pole za misiba ya miaka kumi. Kisha mama mdogo akaketi na kuweka mikono juu ya meza.

"Haya dada. Kitambulisho."

Mama akamtazama. "Si umeshaniita dada?"

"Ni dada yangu, sikatai. Kitambulisho."

Niliangalia sakafu. Mama akafungua fundo la pembe ya khanga, akatoa kadi iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akaiweka mezani. Alipoambiwa ataje majina yake matatu aliyataja kwa sauti ya kanisani, mpaka waliokuwa chumba cha pili wakachungulia. Mama mdogo aliyaandika herufi mojamoja, akageuza kompyuta, akamwonyesha mama kwa kidole jina lilipokaa.

Mama aliitazama skrini ile, mahali ambapo ile nambari ilikuwa imefutwa na maneno yake yote yamebaki. Kisha akanivuta karibu.

"Nisomee," akasema. "Safari hii nimekuruhusu."

Nikamsomea.